Maji Yalipokauka Marlbeck

Nilijua mambo yameharibika kabla sijafumbua macho, kwa sababu nilikuwa nimelalia ukuta badala ya godoro. Birika lilikuwa sakafuni. Viatu vyangu vilikuwa vimehamia upande wa pili vyenyewe, na jiko, ambalo nililishindilia makaa ya mawe ya kufika asubuhi, lilikuwa limetema majivu hadi kwenye zulia. Boti yangu ina urefu wa mita kumi na nane na upana wa mita mbili tu. Ikiinama, hakuna pa kukimbilia.

Nikajivuta hadi mlango wa nyuma, nikachungulia nje.

Maji hayakuwepo.

"Shenzi kabisa," nikasema, na kwa bahati hakukuwa na mtu wa kuniambia nichunge mdomo.

Mfereji wote kati ya Lango la Chini na Lango la Juu, malango yanayopandisha na kushusha boti, mita mia tatu nzima, ulikuwa tope tupu. Niliona baiskeli mbili, toroli la dukani, na bata wanne waliosimama katikati wakiwa hawaelewi dunia imewafanya nini. Dotterel wangu, boti aliyoniachia bibi yangu, alikuwa amekaa kwa ubavu, na kamba zimekazika hadi vigingi vilikuwa vinalia. Nikalegeza kamba kabla hata sijavaa koti. Hiyo huwezi kuiahirisha. Kamba ikibaki imekaza, maji yakirudi boti hainyanyuki, inajaa tu na kuzama ukiitazama.

Na siku yenyewe, kati ya siku zote, ilikuwa siku ya kumi na nne.

Sisi tusiokuwa na gati letu tunaruhusiwa kukaa mahali pamoja siku kumi na nne, kisha tusogee. Hilo halinisumbui. Nimezaliwa ndani yake, na mtu akiniuliza naishi wapi huwa namwambia inategemea ni Jumanne gani. Lakini Novemba ile, Jumatatu iliyokuwa inakuja, malango yote mawili ya Marlbeck yalikuwa yanafungwa kwa matengenezo ya majira ya baridi. Atakayekuwa juu atabaki juu hadi Machi, na wa chini atabaki chini. Huko chini sehemu zote za kukaa majira ya baridi zilikuwa zimeshachukuliwa tangu Septemba. Kwa hiyo Ijumaa ile ilikuwa ama nipande niende zangu, nisimwone Rowland Askey kwa miezi minne, ama nipate mahali pa kufunga kamba Marlbeck. Na Marlbeck palikuwa na mahali pamoja tu: ukuta wa nyuma wa duka la samaki na chipsi la Bi Beryl, mama yake Rowland. Bi Beryl alikuwa ameshasema hapana.

Rowland nilimjua miaka miwili kabla. Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya boti, mkono mzima ndani ya maji ya Februari, nakata nguo iliyojizungusha kwenye pangaboi. Akapita na ndoo ya maganda ya viazi, akasimama.

"Unatafuta nini humo?"

"Mume," nikamjibu, na wakati huohuo nikavuta suruali ya kiume, nzima, na mkanda wake.

Akaitazama suruali, akanitazama mimi. "Naona alikuwepo," akasema. Hakucheka. Aliniletea chai na chipsi za moto, akasubiri hadi vidole vyangu vikaweza kushika kikombe. Mwanaume wa miaka thelathini na sita, mrefu, mpole, mikono ina alama za mafuta ya kukaangia, na macho ambayo yakikutazama yanasahau kuondoka. Tangu siku hiyo kila nikipita Marlbeck nakaa siku zangu kumi na nne zote, wala sikai kumi na tatu.

Safari hii alikuja kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Alijifunza kumwaga majivu upande ambao upepo hautayarudisha usoni. Alijifunza kukaza girisi ya ekseli kila jioni injini ikizimwa, maana ukisahau, maji yanadondoka ndani ya boti usiku kucha. Alifuta umande madirishani bila kuambiwa. Siku ya tisa alibeba sanduku la choo hadi mahali pa kumwagia, akarudi amelisuuza, akasema, "Sasa naamini nakupenda, kwa sababu sijakimbia." Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye ngazi. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu lilikuwa neno ambalo hakuwahi kulisema, na alilisema akiwa ameshika choo.

Siku ya kumi na tatu, yaani jana yake, tuligombana.

Nilikuwa napandisha boti kupitia Lango la Chini nikajaze tangi, maana bomba liko juu. Rowland alikuja kunisaidia. Boti ikaingia ndani ya chumba cha lango, kuta za mawe kushoto na kulia, tukafunga milango ya chini, mimi nikaenda juu na spana yangu ya malango kuzungusha kizibo, kile kibamba cha chuma kinachozuia maji, ili kipande na maji yaingie yatunyanyue. Yeye akaegemea mti wa kusukumia lango, mgongo wake umenigeukia.

"Mama amekataa," akasema.

"Amesemaje?"

"Kez, achana nayo."

"Nataka kusikia alivyosema."

"Amesema hataki nguo za ndani za mtu zikianikwa mbele ya wateja wake. Amesema mtu asiyekuwa na anwani, siku akiondoka utamtafuta wapi."

Maji yalikuwa yanachemka chini ya boti.

"Basi panda twende," nikasema. "Ni hadi Machi tu."

"Na duka?"

"Duka lina miguu? Litakimbilia wapi?"

"Mama ana miaka sabini na miwili, Kez."

"Na anabeba gunia la viazi vizuri kuliko wewe. Rowland, mimi nimekuuliza wewe. Kila nikikuuliza, anajibu mama yako."

Hapo akageuka. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Natamani maji haya yakauke yote," akasema, "usiweze kwenda popote."

"Hayakauki. Yako hapa tangu babu wa babu yangu."

"Basi nenda."

"Nitaenda."

Chumba kikajaa, akasukuma lango likafunguka. Nikaruka ndani ya boti, nikasukuma gia, nikatoka bila kutazama nyuma. Huo ni uongo. Nilitazama nyuma hadi shingo ikauma. Alifunga lango, akasimama na mikono mfukoni, akawa mdogo, akawa mdogo zaidi.

Sasa mnaelewa kwa nini asubuhi ile, nilipofika Lango la Chini na kukuta kizibo cha juu kimeachwa wazi, damu ilinipanda. Milango ya chini ya lango lile ni mibovu, inavuja kama chujio, ndiyo maana wanaitengeneza. Kizibo cha juu kikiachwa, maji ya kipande chote yanapita usiku kucha kimyakimya. Nikakishusha kwa nguvu hadi chuma kikalia. Na mtu mmoja tu Marlbeck nzima alikuwa na spana ya malango bila kuwa na boti. Nilimpa mimi mwenyewe, ile yangu ya zamani.

Naye huyo akaja. Alikuwa na aproni yake, mkate wa mayai umefungwa kwenye karatasi, na chai.

"Kez! Nimeona kutoka dirishani. Umeumia?"

"Umefurahi?"

"Nini?"

"Ulitamani yakauke. Haya, yamekauka. Bata wanatembea kwa miguu. Umefurahi?"

Alisimama palepale. Alichukua muda kunielewa, na nilimwona anavyoelewa, na ningependa kusema kwamba nilianza kujuta hapohapo lakini sikuanza.

"Unadhani nimekuja usiku," akasema polepole, "nikafungua kizibo, ukiwa umelala ndani, boti ipinduke na jiko linawaka?"

"Nani mwingine ana spana?"

"Spana yako iko juu ya kabati langu, imefungwa kwenye taulo. Sijawahi hata kuitumia, naogopa kuipoteza." Akaweka mkate na chai juu ya mti wa lango, taratibu, kama anaviweka mbele ya mteja. "Jana mimi nilisukuma lango. Kizibo alikizungusha nani?"

"Mimi, na nilikishu..."

Nikakoma.

Jamani! Niliirudisha jana yote kichwani. Nimezungusha kizibo, kimepanda. Amesema mama amekataa. Nimesema, amesema, nimesema. "Basi nenda." Nimeruka ndani ya boti. Spana ilikuwa mkononi mwangu wakati naruka. Mkononi.

Mnisamehe, lakini lazima niwaeleze jambo hili lina uzito gani kwetu. Kitu cha kwanza nilichofundishwa, kabla ya kufunga kamba za viatu, ni kwamba kizibo ukikipandisha wewe unakishusha wewe. Wanaosahau ni watalii wa wiki moja waliovaa kofia za nahodha. Mtu wa ukoo wa Tolley hasahau. Akisahau, habari inamtangulia kila bomba la maji na kila kituo cha dizeli kutoka Birmingham hadi Oxford, na watu watamwinulia spana kwa dhihaka hadi azeeke.

"Rowland," nikasema.

Hakupata nafasi ya kunijibu, kwa sababu hapo chini ya lango honi ililia mara tatu na sauti niliyoijua tangu utotoni ikapanda kwenye mawe kabla ya mwenyewe.

"Nani mpumbavu aliyekunywa mfereji wangu?"

Shangazi Thirza, dada yake baba. Ana boti ya kuuza makaa ya mawe, dizeli na mitungi ya gesi. Nusu ya watu wa mferejini wangeganda Januari bila yeye. Tulikuwa tumepanga kupanda pamoja siku hiyo na kukaa majira yote ya baridi juu, ubavu kwa ubavu. Alipanda ngazi, mfupi, mpana, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, spana imechomekwa kiunoni. Akaona tope. Akaona Dotterel kwa ubavu. Akaona mwanaume mwenye aproni.

"Aha," akasema.

Na kana kwamba mambo hayajatosha, nyuma ya Rowland akatokea Bi Beryl mwenyewe kwenye njia, amevaa koti juu ya magauni mawili, anapumua kwa hasira.

"Rowland! Samaki wamefika, wako mlangoni kwenye barafu, mwenye gari anapiga hodi, na wewe uko huku tena? Wewe bibie," akanigeukia, "leo si ndiyo unaondoka?"

"Hawezi kuondoka, mama," Shangazi akamjibu badala yangu. "Hatuondoki hata mmoja wetu. Kuna mtu ameacha kizibo juu. Nina tani nne za makaa hapo chini na vizee sita huko juu wanaosubiri joto. Nataka jina."

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini Rowland alikuwa amewahi.

"Ni mimi, Shangazi."

Shangazi Thirza alimtazama kuanzia viatu. "Wewe nani?"

"Rowland. Wa duka la samaki. Jana nilikuwa namsaidia Keziah, nikaacha kizibo. Sikujua. Nisamehe."

"Hukujua! Watu wa nchi kavu nyinyi! Mnakuja hapa na chai zenu, mnazungusha vyuma vya watu kama mnapiga kinanda! Unajua ungemuua mtoto wa kaka yangu? Unajua boti ikinasa kwa kamba inavyozama? Dakika mbili! Kichwa chako kina nini ndani, viazi?"

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe."

Alisimama pale na kuyapokea yote, mikono imeshikana mbele ya aproni, wala hakunitazama hata mara moja. Dakika tano kabla ya hapo nilikuwa nimemwita karibu muuaji. Na sasa anafokewa kwa kosa langu, mbele ya mama yake, ili jina langu lisichafuke kwa watu ambao yeye hawajui na hatawajua. Nilimpenda hapo. Sisemi kwamba sikumpenda kabla, ila huo wa kabla ulikuwa upendo wa siku kumi na nne, wenye mwanzo na mwisho, na huu haukuwa na tarehe.

Bi Beryl ndiye aliyenishangaza. Hakumtetea mwanawe. Alikuwa anamkazia macho tu, kichwa ameinamisha upande, kama anayesikiliza injini ya friji iliyobadilisha mlio.

"Shangazi, nyamaza," nikasema.

"Sinyamazi. Huyu..."

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Kizibo. Ni mimi nilikipandisha, na ni mimi sikukishusha. Yeye hakukigusa."

Upepo ulipita. Bata mmoja akalia kwenye tope. Shangazi Thirza alinikodolea macho, kisha akajishusha taratibu, akakaa kwenye mti wa lango, juu ya mkate wa mayai.

"Keziah Tolley," akasema. "Bibi yako alipanda malango haya akiwa na uchungu wa kuzaa, akakishusha kizibo, akaingia ndani akamzaa baba yako. Wewe una udhuru gani?"

Nikamwonyesha Rowland kwa kidole. Sikuwa na udhuru mwingine.

Alimtazama tena, safari hii kuanzia kichwani. Akatikisa kichwa muda mrefu. "Basi umekwisha, mwanangu," akasema, na hakusema kwa ubaya. Akainuka, akabandua mkate kwenye suruali yake, akaunusa, akaanza kuula. "Haya. Maji hayatarudi kwa kutazamana. Wewe, Viazi, njoo huku juu nikufundishe kazi, na ukinigusia kizibo kabla sijakwambia nitakuvunja vidole."

Wakaenda Lango la Juu kuteremsha maji kutoka mfereji mrefu wa mlimani, kidogokidogo, yasije yakampiga Dotterel kwa ghafla. Kazi ya saa moja na nusu. Mimi nilipaswa kubaki karibu na boti kuangalia kamba. Nilipogeuka nikamkuta Bi Beryl bado yuko palepale.

"Samaki wako wataharibika, Bi Beryl."

"Wako kwenye barafu." Akakaa. Alikunja koti magotini. "Ile chai ya nani?"

Nikampa. Akanywa. Maji ya kwanza yalikuja yakitambaa juu ya tope, membamba, ya kahawia, bata wakayakimbilia.

"Mwanangu hajawahi kunidanganya," akasema. "Akiwa na miaka sita alivunja kioo cha duka, akaja akanishika mkono akanipeleka nikakione. Juzi aliniambia mchuzi wangu umekuwa na chumvi siku hizi. Hivyo ndivyo alivyo, hajui kudanganya, anatia hasira. Leo amenidanganya usoni mchana kweupe, na wala hakupepesa macho."

"Si kosa lake, Bi Beryl. Mimi..."

"Najua ni wewe. Nina masikio." Akaniangalia kwa mara ya kwanza bila kukunja uso. "Na wewe ungeweza kunyamaza."

"Nisingeweza."

"Ungeweza. Yule shangazi yako alikuwa ameshaamini. Mimi mwenyewe ningekaa kimya, kwa kweli." Akanywa tena. "Unadhani nakuchukia kwa sababu ya nguo za ndani."

"Na anwani."

"Nilisema tu. Nilikuwa natafuta la kusema." Akageuza kikombe viganjani. "Kila ukiondoka, huyu mtoto anakaanga samaki mwezi mzima haongei. Nauza samaki nikisaidiwa na maiti. Mara ya kwanza nikasema atapona. Mara ya tatu nikasema, huyu msichana atakuja kumwacha moja kwa moja, na mimi nitazikwa nimwache hivi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, siyo kwa hilo. Nikakosa pa kuweka mikono.

"Sitamwacha," nikasema. "Ila siwezi kukaa bila kusogea, Bi Beryl. Ningekuahidi, ningekudanganya. Nikipewa ukuta wako nitaupenda hadi Machi, kisha nitataka kwenda."

"Ukuta wangu sikupi."

"Sawa."

"Nikikupa, atakuwa na mama huku na mke kule, hatua ishirini katikati. Kila asubuhi nitachungulia dirishani kuona kama moshi wenu umetoka, na usipotoka nitakuja kugonga. Tutauana sisi watatu kabla ya Krismasi." Akanirudishia kikombe. "Mchukue."

"Umesemaje?"

"Umenisikia. Mchukue uende naye. Duka nililiendesha yeye akiwa tumboni, miguu imevimba kama magogo, sitashindwa leo. Binamu yake atanisaidia siku za wikendi." Pale pa binamu akakohoa. "Ila yeye mwenyewe aseme anataka. Sitaki aondoke kwa sababu mimi nimemfukuza. Amekaa miaka kumi na minane kwa sababu sikumfukuza."

Nikamshika mkono. Aliniachia, labda kwa muda wa kuhesabu hadi tano, kisha akauchukua akafutia pua.

Dotterel alinyanyuka saa tatu na robo. Kwanza aliguna, kisha tope likamwachia kwa sauti mbaya, kisha akakaa wima kwenye maji kana kwamba hakuwahi kulewa. Nilikagua chini ya sakafu, pakavu. Nikaokota birika, nikafagia majivu, nikawasha injini, na moyo ukinidunda kuliko injini yenyewe nikasogea, Bi Beryl akitembea kando, hadi Lango la Juu ambako Rowland alikuwa ameegemea mti wa lango, jasho linamtoka Novemba.

"Rowland," nikamwita kutoka kwenye usukani. "Nakuuliza tena. Mara ya mwisho. Na safari hii mama yako yuko hapa, ameshajibu lake, kwa hiyo usijifiche nyuma yake. Unataka kuja?"

Alimtazama mama yake. Bi Beryl akatazama mawingu.

"Sijawahi kulala nje ya Marlbeck," akasema. "Zaidi ya mara mbili."

"Najua."

"Naogopa, Kez. Jana sikuwa nawaza duka. Niliogopa tu, nikalitaja duka."

"Najua pia."

"Hata nguo sina."

"Kuna suruali moja," nikasema. "Ina mkanda wake."

Hapo ndipo alipocheka, na alipocheka akashuka, na aliposhuka boti ikainama kidogo kwa uzito wake kisha ikamzoea. Alikuwa na aproni bado. Alinukia mafuta na tope. Alinibusu mbele ya wanawake wawili wazee, nami nikashika usukani kwa mkono mmoja ili tusigonge ukuta.

"Upendo baadaye!" Shangazi akafoka, akianza kuteremka kuleta boti yake. "Nina makaa ya watu!"

Juu ya Lango la Juu mfereji unakwenda kandokando ya mashamba, na njia ya miguu iko ubavuni mwake. Sasa kuna jambo watu wa magari hawalijui: boti yetu haiwezi kumwacha mtu anayetembea. Mwendo wake ni huohuo. Bi Beryl alitembea nasi. Mita mia moja, mia tatu, nusu maili, mkoba mkononi, akiongea muda wote. Avae fulana. Asile mayai usiku, yanamsumbua. Nipige simu Jumapili, siyo yeye, mimi, kwa sababu yeye atasema kila kitu kizuri. Rowland alikuwa anajibu ndiyo mama, ndiyo mama, na kuaga kulikuwa kumeshapita mara sita, na bado hatukuweza kuachana. Nilitaka kuongeza mwendo nimwokoe kila mtu. Sikuongeza.

Kwenye daraja la mawe la pili alisimama. Lazima awashe mafuta kabla ya saa tano na nusu, Ijumaa watu wanapanga foleni mapema. Boti ikaendelea, polepole, yeye akabaki. Hakupunga mkono. Tulikuwa tumeshaingia kivulini chini ya daraja aliposema, na mawe yakaichukua sauti yake yakaileta yote:

"Na Machi msirudi wawili tu!"

"Mama!" Rowland akapiga kelele. Masikio yake yalikuwa mekundu hadi ndani.

Nikaangalia mbele kwa makini sana, kama dereva mwenye kona mbaya. Mfereji ulikuwa umenyooka maili nzima, hauna boti wala daraja, na sikuuona vizuri kwa sababu nilikuwa nalia.